Shajara ya Mradi: Kutambua Rada za Manowari Kubwa za Vita vya Pili vya Dunia

Lengo na mipaka

Mradi huu unakusudia kuandaa mwongozo wa Kiswahili utakaomwezesha msomaji aliyeshika picha ya manowari kubwa ya Vita vya Pili vya Dunia kutaja, kwa ushahidi na si kwa kubahatisha, ni rada zipi zilizofungwa kwenye milingoti na minara yake siku picha hiyo ilipopigwa. Ninaposema manowari kubwa ninakusudia meli zenye deraya nene na mizinga mikubwa, kuanzia zile za Kijerumani zenye mizinga ya sentimita 28 hadi Yamato ya Japani iliyobeba mizinga ya sentimita 46. Kruza na distroya, yaani manowari ndogo kuliko hizo, zitaingia tu pale zinapotusaidia kuielewa manowari kubwa.

Sababu ya kuianza kazi hii iko karibu na pwani yetu. Mwaka 1942, baada ya ndege kutoka manowari za Japani kuishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo) mwezi Aprili, Kikosi cha Mashariki cha Uingereza kilihamishia kituo chake bandarini Kilindini, Mombasa, chini ya Admirali James Somerville. Miongoni mwa meli zake zilikuwamo Warspite na manowari kongwe za aina ya Royal Sovereign. Somerville mwenyewe, kabla ya kupewa kikosi hicho, alikuwa ameshiriki kuendeleza rada za jeshi la majini la nchi yake katika miezi ya mwanzo ya vita. Hata hivyo, picha za kikosi chake zinazosambaa hadi leo huwa na maelezo ya mstari mmoja, na vifaa vilivyo juu ya milingoti havitajwi kabisa. Naona ni hasara kubwa, kwa maana vifaa hivyo ndivyo vilivyoamua nani amwone mwenzake kwanza usiku na katika ukungu.

Januari: mahali, ukubwa, kisha umbo

Nimeanza kwa kuweka utaratibu wa kusoma picha, nao ndio utakaoubeba mwongozo mzima. Watu wengi huanza na umbo la antena, na hapo ndipo wanapopotea, kwa kuwa fremu ya mstatili yenye nyaya ilitumiwa na Wajerumani, Wamarekani na Wajapani kwa kazi tofauti kabisa. Utaratibu wangu unaanza na mahali. Antena iliyo kwenye ncha ya mlingoti, juu ya kila kitu, kwa kawaida ni ya kutafuta ndege zilizo mbali. Ile iliyofungwa juu ya mnara wa kulengea mizinga, ikazunguka pamoja na mnara huo, ni ya kupimia umbali wa shabaha. Ile iliyo katikati ya urefu wa mlingoti, mara nyingi ndani ya kibanda chake, ni ya kutafuta meli zilizo juu ya maji. Mtu akishajua kazi ya kifaa, orodha ya majina yanayowezekana hupungua sana kabla hajaangalia hata waya mmoja.

Hatua ya pili ni ukubwa, na hapa fizikia inatupa kipimo kisichokuwa na upendeleo. Tukigawanya 300 kwa masafa ya redio yaliyohesabiwa kwa megahetsi, tunapata urefu wa wimbi kwa mita, na kijiti cha kurushia mawimbi, yaani dipoli, huwa na takriban nusu ya urefu huo. Rada ya megahetsi 43 ina wimbi la mita 7 na dipoli ya mita tatu na nusu. Ya megahetsi 200 ina wimbi la mita moja na nusu, na dipoli yake ni ya sentimita 75 hivi. Ya megahetsi 600 ina wimbi la sentimita 50, na ya megahetsi 3,000 inashuka hadi sentimita 10, ambapo dipoli yenyewe haionekani tena pichani na kilichobaki ni kioo cha kuakisi au kibanda kilichokifunika. Kwa hiyo baharia aliyesimama karibu na antena, au bomba la mzinga ambalo kipenyo chake kinajulikana, ana thamani kubwa kwangu kuliko maelezo yaliyochapwa chini ya picha.

Umbo linakuja mwisho, kuthibitisha yale ambayo mahali na ukubwa vimekwisha kudokeza. Jina la kifaa ni hitimisho, na halina budi kungoja zamu yake.

Februari: Waingereza na mawimbi yao marefu

Sehemu ya Uingereza imechukua nafasi kubwa, nami sioni haja ya kuifupisha. Jeshi la majini la nchi hiyo liliweka rada ya kwanza kwenye kruza Sheffield mwezi Agosti 1938, na miezi miwili baadaye manowari Rodney ikafungwa kifaa cha aina hiyo hiyo, Type 79Y. Ilifanya kazi kwa wimbi la mita 7, na ilikuwa na antena mbili, moja ya kurusha na nyingine ya kupokea, kila moja kwenye ncha ya mlingoti wake. Kutokana nayo ikapatikana Type 279, iliyotumia wimbi lile lile, na baadaye Type 281, iliyotumia wimbi la mita tatu na nusu hivi.

Katika picha iliyopigwa kwa mbali, 279 na 281 zinachanganywa kila siku, kwa kuwa zote mbili zinakaa mahali pamoja na zote zinaonekana kama msalaba mdogo juu ya mlingoti. Jibu liko kwenye kipimo: dipoli ya 279 ni ndefu karibu mara mbili ya ile ya 281. Nimejaribu njia hii kwenye picha za King George V, iliyoanza kazi na 279, na za Prince of Wales, iliyoanza na 281, meli mbili za aina moja zinazofanana kwa karibu kila kitu kingine, na tofauti inapimika hata pale picha ilipofifia. Ninapendekeza jozi hii iwe zoezi la kwanza la kila anayejifunza.

Idadi ya antena nayo ina maana yake. Waingereza walipofaulu kutumia antena moja kwa kurusha na kupokea, 279 ikaitwa 279M na 281 ikaitwa 281B. Hivyo manowari yenye antena za namna hiyo kwenye milingoti yote miwili iko katika hatua ya awali, na ile ambayo mlingoti wake mmoja umeachwa huru kwa vifaa vingine iko katika hatua ya baadaye. Herufi moja mwishoni mwa jina ni badiliko linaloonekana kwa macho, na mwongozo wowote unaoacha herufi hizo unamnyima msomaji ushahidi.

Familia ya wimbi la sentimita 50 ni rahisi zaidi kutenganisha, ila inahitaji uvumilivu. Type 284 ilikuwa ya mizinga mikubwa. Antena zake ni mifereji miwili mirefu iliyolala juu ya mnara wa kulengea, mmoja juu ya mwenzake. Type 285 ilikuwa ya mizinga ya kupigia ndege ya masafa marefu, na Type 282 ilikuwa ya mizinga midogo yenye midomo mingi iliyolinda meli dhidi ya ndege za karibu. Hizi mbili zilitumia antena za Yagi, zile zile zenye kijiti kirefu na vijiti vifupi vya kukatiza ambazo tumezizoea juu ya mapaa kwa ajili ya televisheni. 282 ina Yagi mbili, na 285 ina safu ya tano au sita zilizopangwa kwa upana. Mtu akizihesabu na kuangalia mnara uliozibeba, hawezi kuzikosea.

Badiliko kubwa lilianzia maabara. Mwezi Februari 1940, John Randall na Harry Boot wa Chuo Kikuu cha Birmingham waliwasha magnetroni yenye vyumba vya mwangwi, kifaa kilichoweza kutoa nguvu nyingi kwa wimbi la sentimita 10. Matunda yake kwenye manowari kubwa yalikuwa Type 273, ya kutafuta meli juu ya maji, na alama yake ni kibanda cha mviringo chenye kuta za vioo vya plastiki kilichojengwa juu kwenye mlingoti au juu ya majengo ya sitaha. Antena imo ndani na haionekani; kinachotambuliwa ni kibanda. Type 271, ndugu yake mdogo, iliwekwa zaidi kwenye meli ndogo za kusindikiza misafara, na ukubwa wa kibanda ndio unaozitenga.

Ili msomaji asidhani kuwa haya ni majina ya kukariri tu, nimeingiza katika sehemu hii matukio mawili. La kwanza ni la Cape Matapan, kusini mwa Ugiriki, usiku wa tarehe 28 Machi 1941. Manowari tatu kubwa za Uingereza, Warspite, Valiant na Barham, zilikuwa zikiwafuata Waitalia, na kati yake Valiant peke yake ndiyo iliyokuwa na rada. Type 279 yake, kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya ndege, iligundua meli iliyosimama gizani. Ilikuwa kruza Pola, iliyokuwa imepigwa topido, yaani bomu linalosafiri majini. Muda mfupi baadaye kruza Zara na Fiume, zilizokuja kuisaidia, zikajikuta mbele ya mizinga ya inchi 15 kwa umbali mdogo sana. La pili ni la Rasi ya Kaskazini ya Norwei, tarehe 26 Desemba 1943. Manowari ya Kiingereza Duke of York, ikiwa na 273Q, toleo la Type 273, iliipata manowari ya Kijerumani Scharnhorst saa 10:17 jioni kwa umbali wa yadi 45,500, yaani zaidi ya kilomita 41, ikaikaribia bila kuonekana na kufungua mizinga saa 10:50 kwa umbali wa yadi kama 12,000. Rada mbili, wimbi la mita 7 na wimbi la sentimita 10, na kati yake miezi 33 tu. Naamini hakuna njia bora ya kumwonesha msomaji kasi ya mabadiliko ya kizazi kile.

Machi: Wajerumani, na mtu aliyepanda kwenye mabaki

Wajerumani walichagua mapema wimbi fupi kuliko Waingereza, la sentimita 80 na kitu, na walifunga antena zao juu ya vipimaumbali vya lenzi. Ndiyo maana karibu kila antena ya Kijerumani kwenye manowari kubwa ni fremu ya mstatili iliyojaa dipoli fupi, iliyo kwenye uso wa chumba kinachozunguka. Tofauti kati ya namba za vifaa inakaa hasa kwenye vipimo vya fremu. FuMO ni jina la Kijerumani la vifaa hivi vya rada. FuMO 22, iliyoonekana kwenye Scharnhorst na Gneisenau, ilikuwa na fremu ya mita 6 kwa 2. FuMO 23 ya Bismarck na FuMO 27 zilikuwa za mita 4 kwa 2. FuMO 26, iliyokuja kufungwa kwenye Tirpitz, ilikuwa ya mita 6.6 kwa 3.2. Kwa sababu upana wa kipimaumbali chenyewe unajulikana, uwiano unaweza kupimwa moja kwa moja kwenye picha.

Ninasisitiza jambo moja la majina. Namba za FuMO ziliwekwa baadaye katika vita, na vifaa vya mwanzo vilikuwa na majina mengine siku vilipofungwa. Mwongozo utatumia namba za FuMO kwa sababu ndizo zinazofahamika, lakini utasema wazi kuwa mabaharia wa Bismarck mwezi Mei 1941 hawakuviita hivyo.

Kisa kilichonivutia kuliko vyote katika mradi huu ni cha Admiral Graf Spee. Meli hiyo, iliyobeba mizinga sita ya sentimita 28, ilikuwa imezamisha meli ndogo ya mafuta Africa Shell karibu na pwani ya Msumbiji tarehe 15 Novemba 1939. Mwezi uliofuata, baada ya mapigano ya mdomo wa Río de la Plata, nahodha wake aliamua kuizamisha mwenyewe nje ya Montevideo, Uruguay, tarehe 17 Desemba. Maji ya hapo ni ya kina kifupi, na mnara wa mbele ukabaki juu ya maji pamoja na kipimaumbali chake. Picha za meli ikiungua zilionesha fremu ya ajabu mahali hapo, mahali ambapo picha za awali zilikuwa zimeonesha turubai tu. Uingereza ikamtuma mtaalamu wa rada, L. H. Bainbridge-Bell, ambaye mapema mwaka 1940 alipanda kwenye mabaki, akazikagua dipoli, na akaripoti kuwa Wajerumani walikuwa na rada ya kulengea mizinga.

Tazama jinsi alivyofanya kazi: mahali palimwambia kuwa ni kifaa cha mizinga, na urefu wa dipoli ukamwambia wimbi. Sijaona mfano ulio bora kuliko huo wa utaratibu niliouweka mwezi Januari, na ulitekelezwa juu ya chuma kilichopinda katikati ya mto. Kipimaumbali hicho, chenye uzito wa tani 27, kiliopolewa mwaka 2004.

Upande wa Bismarck, jambo la kukumbuka ni kwamba antena kuwapo pichani hakuthibitishi kwamba rada ilikuwa ikifanya kazi. Jioni ya tarehe 23 Mei 1941, mtikisiko wa mizinga yake yenyewe ilipoifyatulia kruza Norfolk uliiharibu rada ya mbele, na Admirali Lütjens, kamanda wa kikosi hicho cha Kijerumani, akaiamuru kruza Prinz Eugen itangulie. Kruza ya Kiingereza Suffolk, iliyoendelea kuifuatilia Bismarck, ilitumia 284, rada ya mizinga ambayo hapo ikawa jicho la kutafutia. Nimefungua safu mbili tofauti katika rejesta yangu ya picha, moja ya "imefungwa" na nyingine ya "ilikuwa ikifanya kazi", na ya pili haijazwi kamwe kwa ushahidi wa picha peke yake.

Aprili: Wamarekani

Kwa Marekani nimebahatika kuliko kwingine. Katika manowari kubwa zote zilizobeba rada vitani, zilizohifadhiwa hadi leo ni za Marekani tu: Texas, North Carolina, Massachusetts, Alabama na zile nne za aina ya Iowa. Hakuna hata moja iliyobaki ya Uingereza, Ujerumani, Italia au Japani kutoka vita hivyo. Lakini meli za Iowa zilirudishwa kazini mara kadhaa baada ya 1945, na vifaa vinavyoonekana juu yake leo vingi ni vya miaka ya baada ya vita. Anayetaka kuitambua Missouri ya vita hivyo aziangalie picha za Ghuba ya Tokyo za tarehe 2 Septemba 1945, ambapo antena ya mviringo ya SK-2, rada ya kutafuta ndege, yenye kipenyo cha futi 17, inaonekana waziwazi kwenye mnara wa mbele.

Historia yao inaanzia kwenye manowari New York, iliyobeba kifaa cha majaribio XAF katika mazoezi ya mwanzoni mwa 1939, wakati Texas ikijaribu kifaa cha kampuni ya RCA kilichoitwa CXZ. XAF ndiyo iliyozaa CXAM, na California ilikuwa miongoni mwa meli za kwanza kuipata mwaka 1940. CXAM ni fremu kubwa ya nyaya iliyokaribia kuwa mraba. SK, iliyokuja baadaye, nayo ni fremu ya mraba ya futi 17, na zote mbili zinatumia wimbi la mita moja na nusu. Kuzitenganisha kwa umbo peke yake ni kazi ngumu, na hapa tarehe ya picha inakuwa shahidi wa lazima.

SG, rada ya kutafuta meli juu ya maji, ni kifaa kinachohitaji macho makali, kwa kuwa kioo chake cha kuakisi ni kidogo sana na hujificha kati ya vitu vingine vya mnara. Hata hivyo, ndicho kilichompa kamanda ramani ya duara yenye meli yake katikati. Mahali pake pana uzito wa kihistoria: kwenye manowari Washington kilikuwa upande wa mbele wa mnara, hivyo nyuma ya meli palibaki eneo ambalo rada hiyo haikuliona. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Novemba 1942, karibu na kisiwa cha Guadalcanal katika Bahari ya Pasifiki, Admirali Willis Lee alilazimika kuwa mwangalifu asije akaipiga South Dakota, iliyokuwa upande huo. Alipohakikisha, Washington iliifyatulia Kirishima kwa umbali wa yadi 8,400, na manowari hiyo ya Japani ikazama asubuhi hiyo.

Upande wa kulengea mizinga mikubwa kuna Mark 3, ya wimbi la sentimita 40, na Mark 8, ya sentimita 10. Mark 8 inatambulika kwa safu tatu za vijiti vya plastiki, kumi na vinne kila safu, vilivyochomoza mbele ya fremu ndefu. Mark 4 na Mark 12 ni za mizinga ya kupigia ndege, na Mark 12 hujitambulisha kwa kuwa na pembeni yake antena nyembamba iliyosimama wima, Mark 22, ya kupimia kimo cha ndege.

Umuhimu wa kutenganisha Mark 3 na Mark 8 haumo kwenye kupenda vijiti. Katika mlangobahari wa Surigao, Ufilipino, alfajiri ya tarehe 25 Oktoba 1944, manowari sita kubwa za Marekani zilikuwa zimejipanga kumsubiri adui. West Virginia, Tennessee na California zilikuwa zimejengwa upya baada ya shambulio la Japani la Pearl Harbor na zilikuwa na Mark 8. West Virginia ilifungua mizinga saa 9 na dakika 53 usiku kwa umbali wa yadi 22,800, ikafyatua makombora 93. Tennessee ilifyatua 69 na California 63. Maryland, yenye Mark 3, haikupata shabaha mpaka ilipopima umbali kwa kuangalia maji yaliyorushwa na makombora ya wenzake, ikafyatua 48. Mississippi ilipiga mkupuo mmoja tu, na Pennsylvania haikupiga hata mara moja. Mtu akiweka picha za meli hizi sita mezani na kuangalia minara yao ya kulengea, anaona sababu ya tofauti hiyo kabla ya kusoma taarifa yoyote ya mapigano.

Mei: Japani, kisha Italia na Ufaransa kwa ufupi

Wajapani walianza kufunga rada kwenye manowari kubwa mwezi Mei 1942, Ise ikipewa Type 21 ya wimbi la mita moja na nusu, na Hyuga ikipewa Type 22 ya sentimita 10. Type 21 ni fremu ya nyaya; Type 22 ni pembe mbili, moja ya kurusha na nyingine ya kupokea, na hakuna taifa jingine lililoweka pembe kama hizo mahali hapo. Type 13 ni ngazi ndefu na nyembamba iliyosimama kwenye mlingoti. Kwenye Yamato na Musashi, fremu za Type 21 ziliwekwa kwenye mikono ya kipimaumbali cha mita 15, kulia na kushoto ya kilele cha mnara, pembe za Type 22 zikawa kwenye pande za mnara huo, na Type 13 kwenye mlingoti wa nyuma. Mgawanyo huo uko wazi kiasi kwamba picha ya Yamato hata iliyopigwa kutoka ndege inaweza kusomwa.

Waitalia, waliopata funzo chungu Matapan, waliifunga Littorio rada yao ya Gufo, yenye wimbi la sentimita 70, mwaka 1942. Ufaransa nimeiingiza kwa sababu moja tu: manowari Richelieu ilikarabatiwa jijini New York mwaka 1943 na ikafungwa rada za Kimarekani SF na SA-2, na hivyo bendera ya meli haitoshi kumwambia mtu taifa la vifaa vyake. Wala bandari ya matengenezo haitoshi. Warspite ilikarabatiwa Bremerton, Marekani, mwaka 1941, na rada ilizobeba ziliendelea kuwa za Kiingereza.

Juni: tarehe ya picha

Mwezi huu wote nimeutumia kwa jambo moja ambalo ninaliona kuwa ndio uti wa mgongo wa kazi. Picha nyingi za manowari hupewa tarehe kwa kuangalia rada zake. Kisha tarehe ya kufungwa kwa rada hupatikana kwa kuangalia picha hizo hizo. Ni mduara, na yaliyomo ndani yake yanaweza kurudiwa miaka mingi bila mtu kugundua kuwa hayana msingi. Kwa hiyo nimeamua kwamba kila picha inayoingia kwenye rejesta ipewe tarehe kwa ushahidi usiohusiana na rada: mchoro wa rangi za kuficha meli, meli nyingine zilizopo pembeni, uharibifu unaojulikana siku yake, au shughuli yenyewe. Picha isiyo na ushahidi huo inaingia, lakini haitumiwi kuthibitisha lolote.

Juu ya msingi huo nimechagua picha za kupimia nyingine. Zimo zile za Graf Spee ikiungua tarehe 17 Desemba 1939, zile za Bismarck zilizopigwa kutoka Prinz Eugen mwezi Mei 1941, za West Virginia iliporudi kazini Julai 1944, za Yamato ikishambuliwa na ndege tarehe 7 Aprili 1945, na za Missouri nilizokwisha kuzitaja. Tarehe hizi hazitegemei antena yoyote.

Kikwazo kingine ni wachujaji wa wakati wa vita. Ofisi za uchujaji, hasa Uingereza, zilikuwa zikifuta antena kwenye picha kabla ya kuruhusu zichapishwe, ama kwa kukwangua negativu ama kwa kupaka rangi kwenye nakala. Alama zake zinaonekana: anga iliyozunguka ncha ya mlingoti ina doa tofauti kidogo na anga nyingine, mlingoti unakatika ghafla pasipo kupungua unene, au kamba zinaishia hewani. Kwa hiyo picha iliyochapishwa wakati wa vita bila antena haithibitishi kwamba antena haikuwapo. Palipo na nakala ya picha hiyo hiyo iliyotolewa baada ya vita, ninazilinganisha mbili na kuandika tofauti zake. Kulinganisha huko kumekuwa na faida kuliko kazi nyingine yoyote ya mwezi huu.

Julai: hali ya rejesta na hatua inayofuata

Sehemu za Uingereza, Ujerumani, Marekani na Japani zimekamilika kwa kiwango cha kutumika, na michoro ya antena kwa kipimo kimoja inaendelea kuchorwa, ili msomaji aweze kuiweka dipoli ya 279 kando ya ile ya 281 na kuona tofauti kwa jicho. Nimeazimia kila mchoro uwe na umbo la mtu mwenye kimo cha mita 1.7 pembeni, kwa kuwa hicho ndicho kipimo atakachokikuta mara nyingi kwenye picha.

Hatua inayofuata ni picha za Kikosi cha Mashariki. Nitaanza na zile zinazoonesha pwani au majengo ya bandari, kwa sababu mandhari ya Kilindini inaweza kuthibitisha mahali bila kutegemea maelezo yaliyochapwa. Baadaye zitafuata zile za baharini, ambazo tarehe zake zitatafutwa kwa kulinganisha meli zilizo pamoja. Ramillies itashughulikiwa kwa makundi mawili, kabla na baada ya tarehe 30 Mei 1942, siku ilipopigwa topido na nyambizi ndogo ya Japani bandarini Diego Suarez, Madagaska, kwa kuwa meli iliyoingia kwenye matengenezo makubwa kama yale haiwezi kudhaniwa kuwa ilitoka na vifaa vile vile. Kwa kila meli nitajaza kwanza safu ya mahali, kisha ya vipimo, kisha ya umbo, na safu ya jina itabaki wazi mpaka hizo tatu zikubaliane.